Mwaka Sabina Aliponipita

Sabina aliinuka kwenye mkeka bila kushika chochote. Tulikuwa msibani kwa Mwalimu Adelina, Butimba, wanawake kama arobaini tumeketi chini tangu saa tatu asubuhi, na ilipotangazwa kwamba chakula kiko tayari kila mmoja wetu alianza safari yake ya kusimama. Wengine walishika ukuta, wengine walimshika jirani. Mimi nilipiga magoti kwanza, nikaweka mkono chini, nikauomba mwili msamaha, nikafika. Sabina alikunja miguu, akainama mbele kidogo, akasimama. Basi. Ana miaka arobaini na mitano, mmoja tu pungufu ya yangu, na nimehesabu mara mbili. Nilikuwa nimekuja kumlilia mwanamke aliyenifundisha kupumua, na jambo la kwanza nililolihisi pale, kabla hata ya huzuni, lilikuwa wivu. Tena si wivu mpya. Ulikuwa uleule wa mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, umekaa kimya muda wote huo kama mgeni asiyeaga.

Mwaka ule mimi na Sabina tulipanga chumba kimoja Igogo, nyumba iliyoegemea jabali, na aliyejenga alikuwa amelitumia jabali lenyewe kama ukuta wa nne. Msimu wa mvua ukuta ule ulitoka jasho. Kiangazi tulipanda juu yake kuanika nguo, na kutoka huko tuliliona ziwa lote mpaka lilipochanganyika na mawingu. Vitanda viwili, pazia katikati, jiko la mkaa nje ya mlango. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani na nyama kidogo ubavuni, imekaangwa mpaka inalia mdomoni. Tulikuwa na sheria yetu: anayegawa hachagui. Sabina aligawa, mimi nilichagua, na kabla ya kuchagua nilihesabu vipande vya sahani hii, nikahesabu vya sahani ile, halafu nikarudia. "Mwanawane, chagua, ugali unapoa," alikuwa akisema. Hakuwahi kunipunja hata kipande kimoja. Nilikuwa ninahesabu kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nimeizoea, maana mchana kutwa nilikuwa soko la Mlango Mmoja nimeinama juu ya marundo ya raba za mtumba nikitafuta kulia iliyopotelewa na kushoto yake, huku nikibishana na watu waliotaka raba nzima kwa bei ya kamba. Sabina alikuwa fundi cherehani. Alikaa siku nzima, mguu mmoja ukikanyaga pedeli, na goti la mguu ule lilikuwa bovu tangu nimjue.

Jumamosi alfajiri tulikuwa wa klabu. Klabu yetu ya jogingi ilikuwa na watu arobaini na wanne, fulana za njano, tukikimbia wawiliwawili, mistari ishirini na miwili. Anayejua mchakamchaka anajua kwamba mbele kabisa, pembeni ya mstari wa kwanza, anakimbia mwimbishaji. Huyo ndiye anayetoa mwito, kundi linaitikia, na miguu yote inatua kwa sauti yake. Akiharakisha, mnaharakisha. Akinyamaza, kundi linakuwa watu arobaini na wanne wenye haraka zao. Mwimbishaji alikuwa mimi. Nilikuwa na koo la sokoni, lile ambalo mteja analisikia akiwa bado stendi. Niliuliza, "Nani kasema Igogo wamechoka?" na barabara nzima ikajibu, "Hajatuona!" Akina mama waliokuwa wakifagia walisimama. Sikuwa na kingine mwaka ule. Sikuwa na mume, sikuwa na meza yangu sokoni, nilikuwa nauza kwenye meza ya mtu. Ila Jumamosi nilikuwa na ile nafasi ya mbele, na nusu ya mji ilinijua kwa sauti. Sabina alikimbia mstari wa kumi na tisa, akichechemea, na nilipogeuka kumtazama nilimwonea huruma. Lazima niseme ukweli: huruma ile niliipenda.

Mwalimu Adelina aliingia maishani mwetu kupitia mapazia. Alikuwa amestaafu kufundisha michezo, anakaa peke yake, na alimwita Sabina kumpima madirisha. Sabina alichuchumaa kupima pindo la chini, kisha akainuka kwa kushika kiti. Mwalimu, aliyekuwa na miaka sitini na kitu, akamuuliza, "Tangu lini mtoto wa juzi anainuka kama bibi yangu?" Akamwambia aje Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya cherehani, na asile kwanza. Alikuwa amejifunza yoga alipopelekwa masomoni India, na tangu arudi hakuwa amepata mtu wa Butimba wala wa wapi aliyekubali kulala chini sebuleni kwake akiwa hai.

Wiki ya tatu nikamfuata. Sikumwambia. Nilisimama nje ya mlango wa wavu, nikatazama ndani. Sebule ilikuwa na sakafu nyekundu iliyong'arishwa, makochi yamesukumwa ukutani yakiwa na vitambaa vyake vya kufuma, meza ndogo imepandishwa juu ya kochi kama mbuzi aliyekimbia maji. Ukutani kulikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na msumarini imening'inia rozari ya mbegu nyeusi. Chini, kwenye mikeka miwili, Mwalimu na Sabina walikuwa wamenyoosha mikono juu. "Vuta pumzi, moja, mbili, tatu, nne," Mwalimu alisema. "Toa taratibu, mpaka sita. Sasa tunalisalimia jua. Inama." Wakainama mpaka viganja vikagusa sakafu. Sabina yule wa mstari wa kumi na tisa. Viganja vyote viwili.

"Wewe wa mlangoni," Mwalimu akasema bila kugeuka, "vua viatu uingie au uondoke, unatuzibia upepo."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mkeka uko nyuma ya kabati."

Nikavua, nikaingia. Akaniambia niiname niguse vidole vya miguu. Vidole vyangu vya mikono viliishia kwenye magoti, vikatazama huko chini kama watu wanaotazama ng'ambo ya mto. Nyuma ya mapaja palikaza kama kamba ya kuanikia. "Kaa hapo pumzi nane," Mwalimu akasema.

"Nane nyingi, Mwalimu. Nipe tano."

"Nane."

"Sita, na siku nyingine nakuja na mwenzangu."

"Binti," akasema, na nikasikia Sabina anacheka kwa pua, "mgongo wako hausikii lugha hiyo. Unajua kukimbia, si ndiyo? Mbio zinakaza. Hii inalegeza kile mbio zilichokaza, na inakufundisha pumzi ya kukimbilia. Mwili unaokazwa tu bila kulegezwa siku moja unakatika, tena njiani." Kisha akatusimamisha kwenye mguu mmoja, unyayo wa mwingine juu ya paja, mikono kifuani, akauita mkao wa mti. Mimi niliangukia kwenye kochi, nikainuka, nikaangukia meza. Sabina alisimama. Tena alisimama kwa mguu mbovu. Macho yametulia mbele, kifua kinapanda na kushuka kama maji ya bandarini asubuhi, na Mwalimu akamtazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mwalimu yeyote. "Vizuri sana, mwanangu," akamwambia. Mimi nilikuwa binti. Nikavaa viatu nikasema nina wateja.

Baada ya hapo kila Jumamosi nilikuwa nahesabu mistari. Mwezi wa pili alikuwa mstari wa kumi na nne. Sikuwa na haja ya kuuliza, niligeuka tu wakati wa kuitikia. Mstari wa kumi na moja. Wa nane. Hakuchechemea tena. Akirudi nyumbani hakulalamika miguu, wakati mimi nilikuwa nashuka kitandani Jumapili kwa awamu. Nilimuuliza huko kwa Mwalimu wanafanya nini hasa kinachochukua saa nzima. "Hakuna kikubwa," akasema, akikwangua ukoko wa ugali. "Tunajinyoosha, tunapumua, mwisho tunalala chali dakika kumi bila kufanya kitu. Njoo, Kabula. Atakupokea." Nilimwambia kulala bila kufanya kitu naweza kujifundisha mwenyewe. Alikuwa anakula taratibu siku hizi, anatafuna kama mtu mwenye nafasi. Hata hilo lilinichoma. Wiki moja mwenyekiti wetu, Mzee Magesa, akatangaza kwamba tumealikwa na klabu ya Pasiansi, tutakimbia kutoka kwetu mpaka kwao, na kwa kuwa njia ni ndefu na ina mlima, waimbishaji watakuwa wawili. Wa kwanza Kabula. Wa pili Sabina. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikahesabu makofi ya nani yalidumu zaidi.

Mzee Magesa alikuwa mzee wa kanisa kwao, mtu wa Mara, mpole, anayeogopa vitu viwili: mamba na miungu ya kigeni. Baada ya kila mbio tulikunywa supu ya makongoro kwenye kibanda karibu na mwalo wa wavuvi, na Jumamosi ile nilijisogeza kwenye benchi lake nikiwa na bakuli langu.

"Mzee, wewe ndiye baba yetu. Hivi unajua Sabina anafanya nini kule Butimba?"

"Mazoezi, nasikia."

"Mazoezi." Nikakamua ndimu. "Wanasimama kuelekea dirishani asubuhi wanaliamkia jua."

Kijiko chake kikasimama. "Wanaliamkiaje? Shikamoo kabisa?"

"Wanainama mpaka chini, viganja sakafuni. Mambo ya India."

"Kabula, binti yangu, umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Mzee. Niliingia nikatoka."

Nilisema mambo matatu, na yote matatu yalikuwa ya kweli. Sikutaja Moyo Mtakatifu, wala rozari, wala kwamba kabla ya kuniinamisha Mwalimu alifanya ishara ya msalaba. Nimefanya biashara maisha yangu yote na najua vizuri: raba yenye tobo huiuzi kwa kudanganya, unaiuza kwa kuonyesha upande usio na tobo. Mzee hakumaliza supu. Jumamosi iliyofuata akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kamati imeonelea wale wenye mazoezi ya nje wakimbie nyuma kwanza mpaka mambo yaeleweke, na kwamba Pasiansi mwimbishaji atakuwa mmoja. Sabina alikuwa amesimama mstari wa pili. Alitazama raba zake, raba nilizomchagulia mimi mwenyewe, zote mbili za jozi moja, kisha akatembea mpaka mstari wa ishirini na mbili. Nyumbani aligawa mapanki kama kawaida. Nilichagua sahani bila kuhesabu, na akaniuliza kama naumwa.

Siku ya Pasiansi tulitoka kabla jua halijapanda. Mpaka mjini niliimba kama malaika mwenye leseni. Tulipovuka Kirumba nikaanza kuhisi mgongo, pale chini, panapokaza nikiinama juu ya marundo. Nilikuwa navuta pumzi juujuu, kifuani tu, na mwito mmoja unakula pumzi tatu. Mlima ulipoanza nilipandisha sauti ili nisionekane. "Nani kasema..." nikaanza, na sehemu iliyobaki haikutoka. Nikajaribu tena. Paja la kulia likajifunga fundo, na nikasikia jambo baya kuliko yote anayoweza kusikia mwimbishaji: miguu iliyokuwa nyuma yangu ikianza kutua ovyo, kila mtu na wake. Watu wa Pasiansi walikuwa wamejipanga juu kutupokea. Walikuwa wanatazama klabu inasambaratika kwenye mlima wao. Halafu, kutoka nyuma kabisa, sauti nyembamba isiyo na haraka ikauliza, "Nani kasema Igogo wamechoka?" Hatua mbili. "Hajatuona!" wakajibu, na miguu ikarudi pamoja. Akauliza tena, na safari hii sauti ilikuwa karibu zaidi. Alikuwa anapanda kwa pembeni, mstari baada ya mstari, anaimba mlimani huku anakimbia, anatoa maneno ndani ya pumzi moja ndefu na kubakisha. Nilimsikia kwenye mstari wa kumi. Nilimsikia kwenye wa nne. Aliponifikia hakunitazama. Alinipita kulia, na nikaona kisogo cha Sabina kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilifika nikitembea. Nikalala kwenye majani ya uwanja wao, paja linaruka lenyewe kama samaki kwenye mtumbwi, na kabla sijamkataza Sabina alikuwa ameshika kisigino changu, ameuegemeza mguu wangu begani kwake. "Toa pumzi," akasema. "Usiivute, toa." Nikatoa. Fundo likalegea. Watu wa Pasiansi walikuwa wametuzunguka, na mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mcheshi, akasema, "Huyu dada ndiye aliyepanda mlima anaimba? Hebu atunyooshe na sisi! Simameni wote." Watu wakaanza kujipanga. Ndipo Mzee Magesa akainua mkono.

"Hapana, mama. Samahani. Yale mazoezi tumeambiwa ni ibada ya jua."

Uwanja ukapoa. Sabina bado alikuwa ameshika kisigino changu. "Nani kakuambia, Mzee?" akauliza, kwa upole tu. Mzee hakuwa mtu wa kusema uongo, wala wa kumuumbua mtu. Akatazama juu, akatazama mitini, na macho yake yakaanza kushuka, na niliyaona yakija kwangu. Nafasi ya mbele nilikuwa nimeipoteza mlimani. Hapo nilikuwa napoteza klabu, na chumba, na Sabina, kwa mkupuo mmoja, mbele ya wageni, mguu wangu ukiwa mikononi mwake. Ningeweza kusema. Lilikuwa neno moja, "Mimi." Nikalibana meno.

"Basi, Mzee, acha," Sabina akasema haraka. "Maneno ya mtaani hayana mwenyewe. Jumatano njoo kwa Mwalimu uone kwa macho yako."

Alikwenda. Alikwenda na Biblia kwapani na suruali ya kitambaa yenye pasi, akaketi kwenye kochi, akaiona rozari, akamwona Mwalimu akifanya ishara ya msalaba, akanywa chai, na baada ya nusu saa Mwalimu alikuwa amemlaza chali sakafuni akimfundisha kushusha mabega kutoka masikioni. Tulisikia kwamba aliondoka amesinzia. Tangu wiki ile klabu ilikimbia Jumamosi na kujinyoosha Jumatano, na hata mimi nilikwenda, maana aibu ilikuwa imenipunguzia bei. Sitadanganya: ilinisaidia. Miezi mitatu na mgongo ukaacha kuniamsha. Vidole vilifika kwenye vifundo, kisha sakafuni. Nilijifunza kujaza tumbo kabla ya kifua, na koo langu likarudi kubwa kuliko zamani, na mpaka leo nikishika rundo najua kuinama kwa nyonga badala ya kiuno. Kila nilichopata, Sabina alikuwa amekipata kabla yangu, na mbele alikimbia yeye. Lakini hicho sicho kilichonila. Kilichonila ni lile "Basi, Mzee, acha." Goti ningeweza kulivumilia, na pumzi, na hata macho ya Mwalimu. Ila mtu akishakuwa mwema kuliko wewe, unamshindia wapi? Mwisho wa mwaka aliolewa Bunda, akafunga cherehani yake kwa kamba, akaniachia pazia la katikati. Nikafurahi. Nilikaa na chumba kizima na furaha ile mbaya, na sikumwandikia.

Haya yote yalikuwa tumboni mwangu pale msibani tulipomaliza kula na kurudi kwenye mkeka, mimi na Sabina bega kwa bega, huku ndani wakisali. Sijui kwa nini nilisema siku ile. Labda kwa sababu Mwalimu, ambaye ningeweza kumwambia, alikuwa ndani ya sanduku.

"Sabina. Yale maneno ya jua. Niliyasema mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu palepale uwanjani. Kwani nani mwingine alisimama mlangoni siku ile? Mwenge wa Uhuru?"

"Ulijua, na bado ukanifichia." Sauti yangu ilikuwa inapanda, jirani akageuka. Nikaishusha. "Miaka ishirini na mitatu nimekuonea wivu roho yako nzuri."

"Roho gani?" Sabina alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kabula, Mzee angekutoa klabuni siku ileile. Halafu mimi ningempita nani?"

Sikumwelewa.

"Miaka miwili nimekimbia natazama kisogo chako," akasema, taratibu, kama anapima kitambaa. "Unaimba, watu wanajibu, mimi nachechemea. Nilipokuwa nasimama mguu mmoja pale sebuleni, Mwalimu alidhani natazama ukuta. Nilikuwa naona hicho kisogo. Mlima mmoja haukunitosha, dada. Nilitaka nikupite kila Jumamosi. Ulitakiwa uwepo."

Nilihesabu. Miaka ishirini na mitatu. Nikahesabu tena, ikawa ileile, yote nimemwonea mtu wivu kwa wema ambao hakuwa nao. Kicheko kilianzia chini, kule Mwalimu alikotufundisha kuanzishia pumzi, nikakibana kikatokea puani, nikaficha uso magotini mabega yakitikisika. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Pole mwanangu, lia, alikuwa mama yetu sote," akavua kitenge chake akanifunika kichwa kizima. Gizani humo nikacheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakuwa ya kicheko tena, nikamwona Mwalimu amepandisha meza juu ya kochi ili sisi tupate nafasi. Pindo la kitenge likainuka. Sabina akaingiza kichwa, naye macho yamelowa, mdomo ameuuma.

"Sogea," akanong'ona. "Na mimi wananitazama."